Inawaka Gerejini, Inakataa Stejini

Pikipiki iliyokufa kabisa haimsumbui fundi. Ataifungua, atakuta fyuzi imeungua au betri imekwisha, atabadilisha, atalipwa, basi. Inayomtoa jasho ni ile iliyosukumwa kutoka Kimbo hadi gerejini Ruiru, kisha ikifika inawaka kitufe kikiguswa tu.

"Fundi, haki ya Mungu hii kitu imekataa sasa hivi. Nimesukuma mpaka huku."

"Na mbona inawaka?"

"Si ndiyo uniambie!"

Mazungumzo ya aina hii yamezoeleka katika vibanda vya mafundi kando ya barabara kuu ya Thika, na mara nyingi huishia pabaya: plagi mpya, kisha CDI (kisanduku cha kurusha cheche) mpya, kisha betri mpya, na baada ya muda mteja yuko pale pale na lalamiko lile lile. Watu husema mafundi wetu hawajui umeme. Sikubaliani, angalau si kwa sehemu kubwa. Umeme wa kuwashia pikipiki ya boda ni mfupi. Mchoro wake unatosha katika ukurasa mmoja wa daftari. Kinachokosekana ni muda wa kutafuta na mtu wa kuulipia muda huo. Fundi hulipwa kwa kufunga spea, hapati kitu kwa kufikiri. Na hitilafu inayokuja na kuondoka inadai kufikiri kwingi na spea kidogo, pengine isiwe spea kabisa.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe na kazi yake. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki za chini ya cc 250 kodi ya ongezeko la thamani, na kufikia 2010 zilizosajiliwa kwa mwaka mmoja zilikuwa zimepita laki moja. Mwaka 2012 Rais Mwai Kibaki akaizindua barabara kuu ya Thika, kilomita 50 hivi za lami pana, na makazi yakazidi kujaa kandokando yake. Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na watu zaidi ya 490,000, karibu mara mbili ya wakazi wa mji wa Thika. Matatu humshusha abiria kwenye lami. Kutoka hapo hadi mlangoni pake ni kazi ya boda. Mwenye boda naye, mara nyingi, ana mkopo wa pikipiki unaodai malipo kila siku au kila wiki, na siku ambayo chombo kimelala gerejini deni halilali. Hali hii ina uzito kuliko volti zote nitakazozitaja, kwa sababu ndiyo inayoamua kama hitilafu itatafutwa au itabahatishwa.

Sasa umeme. Malalamiko ya kutowaka ni mawili, na anayeyachanganya amepotea kabla ya kushika spana. La kwanza: unabonyeza selfu na injini haizunguki. La pili: injini inazunguka vizuri lakini moto haushiki. Njia za umeme za matatizo haya mawili hukutana kwenye betri na swichi ya ufunguo, kisha kila moja inakwenda zake. CDI mpya haiwezi kuizungusha mota ya selfu, na hata hivyo CDI nyingi zimenunuliwa kwa ajili ya selfu iliyonyamaza.

Njia ya selfu inaanzia betri, inapita fyuzi na swichi ya ufunguo, inaingia kwenye kitufe, na katika pikipiki nyingi inapita pia swichi ya klachi au ya nyutro, kisha inafika kwenye koili ndogo ya rilei. Huo ni umeme mwembamba, wa ampea chache tu. Rilei ikivutika inaunganisha waya mnene unaotoka betri moja kwa moja hadi kwenye mota, na hapo ndipo makumi ya ampea hupita. Kwa hiyo kuna mlango mdogo unaofungua mlango mkubwa, na swali la kwanza ni upi kati yao umekwama.

Jibu liko usoni pa dereva, kwenye taa ya kijani ya nyutro. Bonyeza selfu na uitazame. Ikibaki inang'aa na hakuna mlio wowote, umeme mwembamba haufiki kwenye rilei: tafuta kwenye kitufe, swichi ya klachi au waya zao. Rilei ikilia "tak" na taa ikafifia sana, betri imechoka au kuna kiungo kibovu kati yake na vyote vinavyoitegemea. Ikilia na taa isitikisike, rilei inavutika lakini ndimi zake za ndani zimeungua, au brashi za mota zimeisha. Na taa ikizimika kabisa, anza na nati za betri na fyuzi. Kipimo hiki hakigharimu kitu. Ugumu ni kwamba lazima kifanywe pikipiki inapokataa, yaani stejini, na dereva mwenyewe, fundi akiwa mbali. Dereva anayefika gerejini akisema "taa ilibaki inawaka na sikusikia rilei" amekwisha kufanya nusu ya kazi. Anayesema "imekataa tu" amemletea fundi fumbo.

Kwa nini hitilafu ije na kuondoka? Chukua mfano wa waya mnene wa selfu ambao nati yake imelegea na kushika kutu ya kijani. Tuseme upinzani wa hapo ni omu 0.05, kiasi ambacho mita ya bei nafuu haiwezi hata kukipima, maana waya zake zenyewe zina upinzani zaidi ya huo. Mota ikivuta ampea 40, volti 2 zinapotea kwenye nati hiyo moja. Betri yenyewe ikibebeshwa mzigo huo hushuka, labda hadi volti 10.5, mota ikapata 8.5. Saa sita mchana, oili ikiwa nyepesi, 8.5 zinaweza kutosha. Asubuhi ya Julai, baridi ya Kiambu ikiwa imeifanya oili kuwa nzito na kuidhoofisha betri, hazitoshi. Basi pikipiki inakataa saa kumi na mbili asubuhi na kukubali saa nne, na kati ya saa hizo mbili hakuna kilichoharibika wala kutengenezeka.

Hapa mita huweza kumdanganya hata fundi mwangalifu. Waya uliokatika nyuzi zake zote isipokuwa moja utaonyesha volti 12 kamili ukipimwa bila mzigo, kwa kuwa mita yenyewe haivuti karibu chochote. Uzi mmoja unatosha kuipa mita namba nzuri. Hautoshi kuvuta rilei. Dawa ya waya nyembamba ni ya kizamani: globu ya indiketa ya wati 10 iliyofungwa waya mbili. Iweke mahali pa mita. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikififia pale ambapo mita ilisoma 12, umemkamata mwizi. Kwa waya mnene, pima volti zinazopotea wakati kitufe kimebonyezwa: ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye nati ya mota. Zaidi ya nusu volti ni nyingi. Kisha kutoka kichwa hasi cha betri hadi kwenye mwili wa mota, ambako hata 0.3 inatosha kukutia shaka. Arthi husahaulika kwa sababu haionekani kama waya, ni fremu tu na injini, na rangi iliyopakwa chini ya nati ya arthi wakati wa kupamba pikipiki imewahangaisha wengi.

Mahali pa kutazama kwa karibu kabisa ni shingo ya usukani. Waya zote za kushoto na kulia hupita hapo, na kila kona huzikunja. Ganda la plastiki hubaki zima, shaba ndani hukatika uzi mmoja mmoja. Shika fungu hilo kwa vidole, washa ufunguo, lipinde taratibu kulia na kushoto huku kidole kingine kiko kwenye selfu. Waya uliokufa ndani huhisika laini mno, hujikunja kama hauna mfupa, na ukiuvuta polepole ganda linatanuka. Ukifungua hapo unakuta nyuzi nyeusi zilizovunjika na vumbi la kijani. Fundi anayetikisa usukani kabla ya kufungua chochote ameelewa kazi yake. Hitilafu ya kuja na kuondoka hufuata joto, maji, mtikisiko au mkunjo, na njia ya kuipata ni kuirudishia hali iliyoizaa mpaka itokee mbele yako.

Kwa sababu hiyo nadhani Ruiru na Thika zina magonjwa tofauti, ingawa pikipiki ni zile zile za Boxer na TVS. Boda wa Ruiru anafanya safari fupi: kutoka lami kuingia Membley au Kihunguro, kilomita mbili, kurudi, kuzima, kusubiri. Anabonyeza selfu mara nyingi kwa siku na injini haipati muda wa kurudisha ilichokopa. Betri ndogo za pikipiki hizi, nyingi kati ya saa-ampea 5 na 9, hazina akiba ya kuvumilia maisha hayo. Ongeza taa za urembo, redio na chaja ya simu ya abiria, na betri inaishi nusu tupu mwaka mzima. Ikipumzika usiku kucha inapaswa kusoma 12.6 au zaidi, ikisoma 12.0 iko karibu tupu hata kama honi inalia. Injini ikizungushwa kasi ya wastani, kwenye betri zionekane 13.5 hadi 14.5. Chini ya 13, magneto au regileta haichaji. Juu ya 15, regileta inaipika betri. Vipimo hivi huchukua dakika mbili, na betri mpya haifai kununuliwa kabla havijafanywa, kwa kuwa betri nzuri iliyofungwa kwenye chaji mbovu itakufa kama ya kwanza.

Upande wa Thika, anayebeba watu na mizigo kuelekea Munyu, Ngoliba au chini ya Kilimambogo anapiga masafa marefu. Betri yake huenda imejaa vizuri. Kinachomuumiza ni mtikisiko na vumbi la barabara zisizo na lami. Nati hulegea, ndimi za viungio hupanuka, swichi ya ufunguo hujaa vumbi mpaka taa zinazimika ghafla kwenye tuta na kurudi baada ya tuta. Huyu ukimuuzia betri umemwibia.

Lalamiko la pili, la injini inayozunguka bila kushika moto, lina tabia zake. Kwanza ujue CDI yako inakula wapi. Zipo zinazolishwa na koili ndani ya magneto, na hizo zitatoa moto kwa kiki hata betri ikiwa hoi. Zipo zinazolishwa na betri, na hizi zina kituko chao: selfu inazungusha, moto hakuna, ila unapoachia kitufe tu injini inashika. Ni kwamba mota ilikuwa imezivuta volti zote, CDI ikashindwa kufanya kazi. Mzigo ulipoondoka ikapata nguvu wakati injini bado inamalizia mzunguko. Ukiona hivyo, iache CDI, rudi kwenye betri na viungio vyake.

Ile inayozimika ikiwa moto, ikapumzishwa kivulini dakika kadhaa ikawaka, mshukiwa wake ni koili, hasa ile ndogo inayoiambia CDI wakati wa kurusha cheche. Waya wake mwembamba uliovunjika ndani hutanuka kwa joto na kuachana, ukipoa unagusana tena. Upinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo koili yenye omu 200 ikiwa baridi inaweza kusoma 260 hivi ikiwa na joto kali na bado ikawa nzima. Ikiruka hadi isisome kitu, imekatika. Lazima ipimwe pikipiki ikiwa imezimika na bado moto, siyo kesho yake asubuhi. Kama haikubali kuzimika gerejini, saluni haziko mbali na gereji zetu: mashine ya kukaushia nywele ya dakika kumi huiga jua la Thika vizuri tu, ikiwa mwenye saluni atakubali kuitoa.

Maji nayo. Boda huoshwa sana, na mashine za presha huyasukuma maji hadi ndani ya viungio ambamo mvua ya masika isingefika. Pikipiki inayokataa baada ya kuoshwa tu, anza na kofia ya plagi na waya wa koili kubwa. Usiku, zima taa, nyunyiza maji kidogo juu ya waya huo injini ikiwa inanguruma, mikono yako ikiwa mbali, na utaona cheche za buluu zikirukia kwenye fremu kama ganda lina ufa.

Kuna mshukiwa mpya ambaye mafundi wengi hawana ruhusa hata ya kumgusa. Pikipiki za mkopo hufungwa kifaa cha kufuatilia, kimefichwa chini ya tangi au kiti, na baadhi ya vifaa hivyo vina rilei inayoweza kukata umeme kwa mbali malipo yakichelewa. Maana yake ni kwamba katika njia ya kuwashia kumeongezwa viungio ambavyo havimo katika mchoro wa mtengenezaji, vilivyokunjwa kwa tepu nyeusi na mtu aliyekuwa na pikipiki nyingine nyingi za kufunga siku hiyo. Rilei hiyo ikishika kutu, dalili zake hazitofautiani na za swichi mbovu. Zaidi ya hapo kifaa hunywa betri hata pikipiki ikiwa imelala. Kikivuta miliampea 20, kwa saa 24 kimekula karibu nusu ya saa-ampea moja, sawa na asilimia kumi ya betri ya saa-ampea 5. Pikipiki iliyoachwa siku tano dereva akiwa mgonjwa itamkataa akirudi. Fundi akikifungua, mteja huenda akawa amevunja mkataba, asipokifungua, anabahatisha. Ushauri wa haki ni dereva aende kwanza kwa mkopeshaji akadai kifaa kikaguliwe bila malipo. Mkopeshaji anataka hela zake, na hela hizo haziji pikipiki ikiwa imesimama.

Turudi kwenye malipo, maana hapo ndipo shida ilipo. Duka la spea, liwe la Thika mjini au la Kirinyaga Road jijini Nairobi, kwa kawaida halirudishi spea ya umeme ikishafungwa, na sababu inaeleweka: hakuna ajuaye kama iliungulia dukani au kwa mteja. Basi kila jaribio la kubadilisha linabaki kwa mteja. Fundi akitumia saa tatu kutafuta waya uliokatika kisha akauunga kwa solda ya shilingi ishirini, mteja anaona kazi ya shilingi ishirini na kushangaa akitajiwa mia nane. Akibadilisha CDI kwa dakika kumi, mteja anashika kitu kipya mkononi na kulipa bila kelele. Mimi nikiwa fundi ningejua la kufanya, na si la heshima. Gereji chache zimeanza kutaja bei ya kuangalia kando na bei ya spea, inayolipwa hata kama hakuna kilichobadilishwa. Nadhani hizo ndizo za kuendea, hata zikionekana ghali mlangoni.

Mchoro wa waya ungesaidia pia. Thika ni mji ambao malori na mabasi yameunganishwa tangu miaka ya 1970, katika kiwanda kilichoanza kama Leyland na sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers; hakuna anayeunganisha lori pale kwa kukisia rangi za waya. Fundi wa boda hana anasa hiyo. Kila kampuni ina rangi zake, na pikipiki ikishapita kwa mafundi wanne, waya mweusi wenye mstari mweupe huingia kwenye tepu na kutoka ukiwa mwekundu.

Na hapo ndipo kutafuta hupoteza maana. Waya za pikipiki zikiwa na viungo vya kusokota kwa mkono kila sehemu, ganda likiwa limekauka na kupasuka kando ya injini, kila hitilafu utakayoiondoa itafuatwa na nyingine, na mteja ataamini ni ile ile. Fungu zima la waya la modeli za kawaida linapatikana madukani, na kwa kuwa limetengenezwa likiwa na viungio vyake, kulifunga ni kazi ya siku moja kwa fundi mvumilivu. Kipimo ninachokiona cha busara ni hiki: ukihesabu viungo vya tepu kati ya betri, swichi ya ufunguo na usukani vikazidi vitano au sita, acha kupima, badilisha fungu zima, isipokuwa waya mnene wa selfu na wa arthi, ambao hununuliwa peke yake. Taa za urembo zirudishwe mwisho, kwenye fyuzi yao wenyewe, baada ya pikipiki kufanya kazi wiki nzima bila hizo.